Sura ya pili ina watu wengi ila hawaongei: namna ya kuandika mapitio ya tafiti yakasimama

Jumamosi iliyopita mdogo wangu mmoja anayesoma masta kaja nyumbani Chumbageni na sura yake ya pili, ile ya mapitio ya tafiti, kurasa arobaini na tatu, kaprinti kabisa kaziweka kwenye bahasha ya kaki, supavaiza kamrudishia na komenti moja tu pale juu: "hii ni orodha". Kakaa barazani, chai imepoa mbele yake, ananiambia dada mie nimesoma makala sitini na kitu, miezi miwili nalala saa nane usiku, sasa orodha vipi jamani. Na kweli kasoma. Nlimuuliza maswali akanijibu vizuri, anajua nani kafanya nini wapi na lini. Kusoma hakukuwa tatizo. Nikafungua ukurasa wowote tu, aya ya kwanza inaanza Fulani alifanya utafiti kuhusu, ya pili Fulani mwingine alifanya utafiti kuhusu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Siye huku tuna msemo wetu, Tanga waja leo waondoka leo, basi ndo waandishi wake wale, kila mmoja kaja kwenye aya yake kasema lake kaondoka, hakuna aliyemkuta mwenzie.

Nimeiona hii kwa wanafunzi wengi niliowasaidia, wa masta na wa PhD, na inaniuma kwa sababu ni watu wenye bidii wanaoambiwa hawajafanya kazi. Kwa hiyo leo naandika kirefu namna ya kutoka hapo. Mdogo wangu kanipa ruhusa nitumie mada yake, kilimo cha mwani mwambao wa Tanga na maisha ya wanawake wanaolima. Wewe badilisha weka yako, iwe mkonge, iwe malaria, iwe ufaulu wa hesabu, kazi ni ileile.

Kwanza kabisa kabla hujafungua kompyuta andika swali lako kwenye karatasi, sentensi moja yenye alama ya kuuliza. Namaanisha swali, maana kichwa cha desetesheni ni kitu kingine. "Mchango wa kilimo cha mwani kwa kipato cha wanawake" hicho ni kichwa, hakikuambii usome nini na uache nini. "Wanawake wanaolima mwani Tanga wanaamua wao matumizi ya hela ya mwani, au inaishia mikononi mwa mwingine?" hilo sasa ni swali, ukishika makala yoyote unajua hapohapo kama inakuhusu. Karatasi hiyo ibandike ukutani. Swali litabadilika ukiendelea kusoma na ni sawa, libadilishe, ila usisome hata siku moja bila kuwa na swali mbele yako, mana'ke ndo unaishia na makala sitini zisizojua kwa nini zimeitwa.

Sasa kutafuta. Wengi wanaingia Google Scholar wanaandika maneno yale ya kichwa chao, wanapakua kumi za kwanza, wamemaliza. Hapana. Kila mada ina majina mengi na lazima uyajue yote. Mwani peke yake angalia: ule wenye bei nzuri wakulima wanauita kotonii, kitaalamu leo ni Kappaphycus alvarezii, lakini zamani uliandikwa chini ya Eucheuma, na ule mwingine wanaouita spinosamu ni Eucheuma denticulatum. Ukitafuta kwa Kappaphycus tu umewaacha nje watu walioandika kabla jina halijabadilika, na hao ndo waliofungua njia, maana kazi za kina Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuhusu mwani wa pwani yetu ni za tangu miaka ya 1970, wakati kilimo chenyewe cha biashara kimeshika Zanzibar 1989. Mambo ya kihistoria ndo zaidi. Anayeandika mkonge wa Tanga akatafuta "Tanzania" tu anakosa kila kilichoandikwa enzi za "Tanganyika", na enzi za Mjerumani kabla ya hapo. Tengeneza orodha ya majina yote kwanza, uliza na wazee, uliza na wavuvi, kisha ndo ukae kwenye mashine.

Ukiwa kwenye mashine, maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za kunukuu, yenye maana moja yaunganishe kwa OR ya herufi kubwa. Ukipata makala moja nzuri usikimbilie nyingine, ikamue. Nenda nyuma, yaani soma orodha yake ya marejeo uone yeye kasimama juu ya nani. Afu nenda mbele, pale Scholar chini ya kila makala kuna kiungo kinachoonyesha imenukuliwa na nani, kibonyeze, utawakuta waliokuja baada yake, waliokubali na waliobisha. Kwa njia hiyo makala tatu nzuri zinakupa uwanja mzima. Mwani wa Zanzibar ukienda hivi huchelewi kukutana na Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, ukishaona jina linajirudia kila upande ujue huyo huwezi kumruka, soma kazi zake za mwanzo na za karibuni uone fikra imehama wapi.

Na msiniambie hamna hela ya kununua makala. Majarida ya Afrika mengi yako AJOL, tovuti ya African Journals Online, na mengi ni bure. Jarida la sayansi ya bahari ya Magharibi ya Bahari ya Hindi linalotolewa na WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari hiyo, pale Zanzibar nalo liko wazi. Vyuo na taasisi za nchi yetu zinaweza kuingia bure kwenye majarida ya kulipia kupitia mpango wa Research4Life, ndani yake kuna Hinari ya afya, AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, nenda kwa mkutubi wa chuo chako umuombe namna ya kuingia. Wakutubi hawatumiki ipasavyo jamani, wanajua mambo mengi na hakuna anayewauliza. Halafu hifadhi za tasnifu za vyuo vyetu mtandaoni, humo mna kazi za masta za vijiji hivihivi vyetu ambazo hazikuwahi kuwa makala. Ripoti za miradi pia. Tanga hapa kulikuwa na mradi mkubwa wa hifadhi ya mwambao na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ulioanza 1994, umeacha maandishi ambayo mtu anayeandika uvuvi wa Tanga bila kuyagusa atakuwa kajinyima.

Kila unapotafuta andika kwenye daftari: tarehe, sehemu uliyotafuta, maneno uliyotumia, ulipata ngapi, ulichukua ngapi. Unaona kama kupoteza muda lakini siku ya viva, yaani ya kutetea kazi yako kwa mdomo, ukiulizwa ulizipataje hizi unafungua daftari. Na utahitaji tena mwishoni, nitasema. Lini uache kutafuta? Ukiona makala mpya tatu nne mfululizo zinakurudisha kwa majina yaleyale na hoja zilezile, basi inatosha.

Kusoma, hapa nisikilizeni. Usisome makala kuanzia mwanzo hadi mwisho kama riwaya huku unapaka rangi ya njano kila sentensi. Soma muhtasari, ruka nenda hitimisho, uamue kama inabaki. Ikibaki nenda kwenye mbinu. Wanafunzi wengi wanairuka mbinu kwa sababu inachosha, na ndo mahali ambapo ugomvi wote wa watafiti umejificha: walimuuliza nani, wangapi, lini, kwa dodoso au kwa mazungumzo, walikaa kijijini siku mbili au mwaka. Kisha matokeo. Ukimaliza ifunge, kabisa, uandike kwa maneno yako mistari mitano bila kuchungulia. Nampenda sana mwanafunzi anayeandika mistari hiyo kwa Kiswahili hata kama tasnifu ni ya Kiingereza, kwa sababu ukiandika kwa Kiingereza ulichotoka kukisoma kwa Kiingereza maneno ya mwenye makala yanakuganda kidoleni bila wewe kujua, mwisho wake ile programu ya kukagua wizi wa maandishi inakuumbua na wewe hukukusudia kuiba. Kwa Kiswahili huna pa kunakili, lazima uelewe.

Mistari hiyo unaipeleka kwenye jedwali. Hili ndo jambo ambalo ningekuwa na uwezo wa kuwafundisha watu kitu kimoja tu ningefundisha hili. Fungua Excel au chukua kauntabuku uigeuze upande, kila makala mstari wake, afu safu ziende hivi: mwandishi na mwaka, swali lake, mahali na kipindi, mbinu na watu aliowauliza, alichopata, asichogusa, na safu ya mwisho andika "mie nasemaje". Hiyo ya mwisho usiiache wazi hata mara moja, hata ukiandika "sijamwamini, kauliza wanaume tu habari za wanawake" imetosha.

Mdogo wangu jedwali alikuwa nalo bwana, ila alilisoma kwa kwenda kulia, mstari kwa mstari, ndo mana'ke akaandika mtu mmoja aya moja. Jedwali linasomwa kushuka chini. Nikamwambia weka kidole kwenye safu ya alichopata, shuka nayo, niambie unaona nini. Akashuka kimya kama dakika tatu. Akasema dada, hawa wanasema mwani umewainua wanawake, hawa wanasema umewachosha. Nikamwambia haya, wale wanaosema umewainua hamia safu ya mbinu, walifanyaje? Akaangalia, dodoso la kipato. Na hawa wengine? Mahojiano, wengine wamekaa kijijini miezi. Akanitazama. Hapo sura ya pili ilikuwa imeshapatikana, pale pale barazani, na hakuongeza makala hata moja.

Sasa vichwa vidogo. Kuna mtindo umeenea sana wa kupanga tafiti kijiografia, za nje ya Afrika, za Afrika, za Tanzania. Mimi siupendi na nasema wazi, kwa sababu unamtenganisha aliyeuliza swali moja Ufilipino na aliyeuliza swali lilelile Paje kule Zanzibar, wakati hao ndo walipaswa kukaa pamoja. Panga kwa hoja: nani anashika hela ya mwani, kazi ya mwani inafanya nini kwenye mwili, nani anapanga bei, joto la maji linaharibu nini. Chuo chako kikiwa kimeweka mpangilio wa lazima usigombane nacho, weka vichwa vyao kama wanavyotaka, ndani ya kila kimoja panga kwa hoja. Ile sehemu ya nadharia nayo usiiandike kama deni, kurasa nne za historia ya nadharia afu haionekani tena mpaka mwisho wa kitabu. Nadharia ikae pale kama ndiyo iliyokuambia uangalie nini, na kama haijakuambia kitu badilisha nadharia.

Tuje kwenye aya yenyewe. Mfano huu ni wa kutunga kuonyesha umbo tu, msije mkaunukuu.

Aya ya kwanza alivyoileta ilikuwa na sura hii: "Fulani (2009) alichunguza kilimo cha mwani na alibaini kuwa kimeongeza kipato cha wanawake. Fulani wa pili (2013) alichunguza kipato cha kaya na alibaini kuwa mwani una mchango mkubwa. Fulani wa tatu (2015) alichunguza changamoto za wakulima na alibaini bei ndogo na maumivu ya mgongo."

Tumekaa nayo saa nzima, ikatoka hivi: "Kwamba mwani umewapa wanawake wa pwani hela ya mkononi, watafiti hawabishani (Fulani 2009, Fulani wa pili 2013). Wanapoachana ni kwenye kueleza hela hiyo imebadilisha nini. Waliopima kipato kwa dodoso wanaona mafanikio, waliozungumza na wanawake wenyewe kwa muda mrefu wanakutana na malalamiko ya bei na ya mgongo (Fulani wa tatu 2015). Tofauti hii huenda imetokana na kilichopimwa, kwa sababu dodoso la kipato halimuulizi mtu amekaa saa ngapi ndani ya maji. Utafiti huu unapima vyote viwili, kipato na muda wa kazi, kwa wakulima walewale."

Tazama kilichofanyika. Sentensi ya kwanza ni ya mdogo wangu, haijaanza na jina la mtu, yeye ndo anayeongoza na watafiti wamerudi kwenye mabano wanamshuhudia. Wanaokubaliana wamewekwa pamoja kwa sentensi moja badala ya aya mbili. Ubishi umetajwa wazi, afu ukatafutiwa sababu, na hapo kwenye sababu ndo uchambuzi wenyewe ulipo, supavaiza anapoandika "changanua" anataka sentensi ile ya dodoso na saa za ndani ya maji. Na aya imeishia kwenye kazi yake mwenyewe. Jaribio dogo la kufanya nyumbani: chukua sura yako, soma sentensi ya kwanza tu ya kila aya kutoka mwanzo hadi mwisho. Zikisomeka kama hoja moja inayotembea uko vizuri. Zikisomeka kama daftari la mahudhurio rudi kwenye jedwali.

Na vitenzi viangalie. Siyo kila mtu "alibaini". Mwingine amedai tu bila ushahidi, mwingine amepima, mwingine amependekeza, mwingine amempinga mwenzie. Ukisema "amethibitisha" kwa mtu aliyehoji watu kumi na tano umejifunga mwenyewe, mtahini atakubana hapo.

Pengo sasa. "Hakuna utafiti kama huu uliofanyika Tanga." Sentensi hii naikuta karibu kila kazi na mtahini makini atakujibu, hata kwenye kijiji cha shangazi yangu haujafanyika, kwa hiyo? Kutokuwepo mahali fulani hakutoshi, lazima uonyeshe kwa nini Tanga inaweza kutoa jibu tofauti. Na ipo sababu, nzuri tu. Tafiti nyingi za mwani zimefanyika Zanzibar, na uvuvi si jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria zake na huku bara tuna Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na vikundi vyetu vya BMU, vile vya wanakijiji vya kusimamia fukwe na uvuvi. Kwa hiyo mkulima wa mwambao wa Mkinga anaishi chini ya utaratibu mwingine na mwenzie wa Paje, ingawa wote wanafunga mwani huohuo kwa taitai, zile kamba ndogo za kufungia, na vijiti. Je matokeo ya kule yanasafiri mpaka huku? Hilo ni pengo, mtu akilisoma anataka kujua jibu. Mapengo mengine yako kwenye mbinu, wote wametumia dodoso, au kwenye muda, wote wamepima kabla kotonii haijaanza kufa sana kwa joto la maji, au kwenye watu, hakuna aliyewauliza walioacha kulima. Hili la walioacha mie nalipenda sana, kila mtu anamuuliza aliyepo shambani na anayejua ukweli mchungu ni aliyeondoka.

Ukikwama kabisa kuandika, acha kuandika. Chukua simu umrekodie mtu voisi, mama yako au shoga yako asiyesoma mambo hayo, umueleze dakika tatu watu wamesema nini kuhusu mada yako, wanagombana wapi na wewe unaingilia wapi. Mdogo wangu alimrekodia mama yake, salamu zote shikamoo mama habari za huko, halafu akaingia kwenye mwani, na ile voisi tulipoisikiliza ilikuwa na mpangilio mzuri kuliko kurasa zote arobaini na tatu. Akaiandika kama ilivyo, ikawa mifupa ya sura.

Marejeo weka kwenye Zotero, programu ya kutunza marejeo, tangu siku ya kwanza, ni bure, na usiweke akilini kwamba utayapanga mwishoni. Programu za akili mnemba zitumie kukupa maneno ya kutafutia kama umeishiwa, lakini usichukue rejeo hata moja kutoka humo bila kuifungua makala yenyewe kwa macho yako. Mwaka jana nilisoma kazi ya mtu ina marejeo manne ambayo hayapo popote duniani, jina la jarida la kweli, majina ya watu wa kweli, makala haipo. Alilia. Na nilimwamini kwamba hakujua, lakini mtahini asingemwamini.

Mwisho kabisa, wiki ya kukabidhi kazi, fungua lile daftari la msako, rudia maneno yaleyale sehemu zilezile, ila chagua kuanzia mwaka ulioandika proposo. Soma kilichotoka kipya, kiingize kwenye jedwali, kishushe kwenye hoja yake. Na ukikuta kuna mtu katoa makala inayofanana na yako kabisa, usipaniki wala usiifiche. Nenda kwenye mbinu yake na watu aliowauliza, hakuna tafiti mbili zilizokaa na watu walewale siku zilezile, kisha iweke mbele kabisa kwenye sehemu ya pengo uandike kwa uwazi yeye kafika wapi na wewe unaanzia wapi.